Malalamiko kuhusu pedi za breki mlizoniuzia kama pedi za mbio

Nairobi,
14 Julai 2025.

Kwa Meneja,
Duka la Vipuri vya Magari,
Eneo la Viwanda,
Nairobi.

Bwana Meneja,

KUH: PEDI ZA BREKI ZA SUBARU IMPREZA WRX STI, RISITI YA TAREHE 3 JUNI 2025

Tarehe 3 Juni nilikuja dukani kwenu nikanunua pedi za breki za mbele kwa shilingi 27,500, za nyuma kwa shilingi 19,000, na diski mbili za mbele kwa shilingi 72,000. Jumla ni shilingi 118,500, na risiti ninayo. Jumamosi ya tarehe 28 Juni pedi hizo zilishindwa kulizuia gari langu kwenye barabara iliyofungwa kwa mazoezi ya mwendo kasi, na kijana aliyekuwa akisimamia kona akaponea kwa wepesi wa miguu yake. Tangu hapo nimewapigia simu mara tatu. Jibu lenu lilinifikia kwa WhatsApp tarehe 4 Julai, mistari mitatu tu. Silikubali, na hapa nawaeleza kwa nini.

Kwanza muelewe nilikuja kutafuta nini. Gari langu ni la mwaka 2006, lina kalipa (vibanio vinavyozisukuma pedi kwenye diski) za Brembo lilizotoka nazo kiwandani, pistoni nne kila gurudumu la mbele na mbili nyuma, na diski za mbele za milimita 326. Ni breki nzuri. Kwenye Barabara ya Thika sijawahi kuzilalamikia hata siku moja. Lakini mjini breki zinaguswa na kuachiliwa, zinapata nafasi ya kupoa. Kwenye mteremko uliofungwa, gari la kilo 1,500 likipunguzwa kutoka kilomita 160 kwa saa hadi 60, breki zinameza joto la kutosha kuchemsha karibu lita nne za maji, na zinalimeza kwa sekunde tatu au nne. Kona inayofuata ni hivyo hivyo, na inayofuata tena. Joto hilo linaingia kwenye diski na pedi, sehemu kubwa ikiwa mbele, kwa kuwa gari likifunga breki uzito mwingi unainamia huko.

Ndiyo maana sikuja kununua pedi kwa kuangalia bei. Pedi za mashindano kamili sikuzitaka. Zile zikiwa baridi hazishiki vizuri, zinapiga kelele, zinakula diski, na gari hili hili ndilo ninalopelekea watoto shule asubuhi, mvua ikinyesha. Za kawaida nazo nilijua hazitafika. Nilitaka za katikati, zinazoshika asubuhi zikiwa baridi na zinazoendelea kushika joto likipita nyuzi 500 za selsiasi. Maneno haya haya niliyasema kwenye kaunta yenu, tena mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza kijana wenu alikuwa anaongea na simu.

Alinijibu, "Mzee, hizi ni za mbio kabisa. Watu wa rali wote wanachukua hizi." Nikamuuliza zinafanya kazi kuanzia nyuzi ngapi hadi ngapi. Akaligeuza boksi, akalitazama pande zote, hakuona kitu. Akalifungua, akatoa pedi moja, akanionyesha herufi mbili zilizopigwa chapa ukingoni: FF. "Hii FF ndiyo ya mbio," akasema. Juu ya rafu lilikuwapo bango lenu lenye maandishi mekundu, PEDI ZA MBIO. Nikalipa kwa M-Pesa.

Leo najua herufi hizo zina maana gani, na inafaa kila anayeuza pedi dukani kwenu ajue pia. Ni za mfumo wa SAE J866, wa chama cha wahandisi wa magari cha Marekani, unaopima msuguano wa kipande kidogo cha pedi maabara. Herufi ya kwanza ni ya pedi ikiwa na joto la kawaida, ya pili ni ya pedi ikiwa moto. E ni msuguano wa 0.25 hadi 0.35, F ni 0.35 hadi 0.45, G ni 0.45 hadi 0.55. Hapo kwenye F ndipo zilipo pedi nyingi za magari ya kawaida ya nyumbani. Na huo "moto" wa maabara unaishia kama nyuzi 343. Kwa hiyo FF haisemi lolote kuhusu pedi itafanya nini kwenye nyuzi 500. Kijana wenu alinionyesha alama ya kweli akaipa maana isiyokuwa yake. Sidhani alikusudia kunidanganya. Nadhani hakuna aliyemfundisha, na hilo nalihesabu kosa lenu kuliko lake.

Nisiwaonee. Yule mzee wenu wa stoo aliponiletea diski aliniuliza gari ni la mwaka gani, nilipomwambia 2006 akazirudisha na kuleta nyingine, akieleza kwamba STI za kuanzia 2005 zilibadilishwa nafasi za boliti, kutoka duara la milimita 100 hadi 114.3. Na kijana alipotaka kuniuzia diski zenye matundu kwa sababu ya sura, mzee huyo alisema wazi mbele yake kwamba kwa kazi yangu nyufa zitaanzia kwenye matundu, nichukue zilizo wazi bila matundu. Huyo anajua kazi. Laiti swali la pedi ningemuuliza yeye.

Fundi wangu alizifunga tarehe 14 Juni. Mafuta ya breki yalibadilishwa yote siku hiyo, DOT 4 kutoka chupa iliyofunguliwa mbele ya macho yangu. Alfajiri ya Jumapili, barabara ikiwa tupu, nilizizoesha pedi kama inavyotakiwa: kutoka kilomita 100 hadi 20, mara kumi mfululizo bila kulisimamisha gari kabisa, kisha mwendo wa taratibu bila kugusa breki hadi zikapoa. Diski zilipata utando wa kijivu uliosambaa sawasawa. Rafiki yangu alipaka ukingoni mwa diski nukta tatu za rangi ya kupimia joto: ya kijani hubadilika ikifika nyuzi 430, ya machungwa nyuzi 560, nyekundu nyuzi 610. Tuliweka nukta hizo kwa kuwa tulitaka kujua ukweli wa breki kabla ya kuongeza mwendo.

Barabara yenyewe iko pande za Limuru, inateremka kati ya mashamba ya chai. Raundi ya kwanza breki zilikuwa nzuri. Ya pili, mguu ulianza kutaka nguvu zaidi, nami nikaanza kufunga mapema kidogo. Ya tatu nilikanyaga mbele kabisa ya kibanda cha kupimia majani ya chai, mapema kuliko raundi zote mbili. Kanyagio lilikuwa gumu kama ukuta. Nililisukuma kwa nguvu zangu zote, mgongo umegandamana na kiti, na gari likaendelea kwenda. Nikashusha gia ya tatu, kisha ya pili, injini ikalia, kona ikawa imefika. Pale nje ya kona palipangwa matairi, na juu ya matairi alikuwa ameketi kijana mwenye kizibao cha machungwa, bendera mapajani. Nilimwona akinitazama, akaelewa, akaruka kinyumenyume ndani ya chai. Tairi alilokuwa amelikalia ndilo lililopasua bampa langu.

Moshi ulitoka magurudumu yote mawili ya mbele, wenye harufu kama ya nywele zilizoungua. Miguu ilinitetemeka nikashindwa kutoka. Yule kijana alikuja dirishani, majani ya chai yamemjaa kichwani, akaniuliza mimi, "Uko sawa, mzee?" Ana miaka kumi na tisa. Nilimwomba radhi siku hiyo, na nikaenda kwao Jumapili kumwomba radhi mama yake.

Sasa jibu lenu. Mliandika: "Pedi ni nzuri. Mafuta ya breki yalichemka kwa sababu ya uendeshaji. Pedi zilizotumika hazirudishwi."

Mafuta ya breki yakichemka, mvuke unaingia kwenye mabomba, na mvuke unagandamizika. Kanyagio linakuwa laini kama sifongo, linazama hadi sakafuni. Fundi yeyote anajua. Langu halikuzama hata kidogo, lilibaki juu na gumu, na hiyo ndiyo dalili ya upande mwingine kabisa: presha imefika kwenye kalipa, pistoni zimebana, lakini pedi imepoteza msuguano. Gundi inayoshikanisha unga wa pedi inaungua, inatoa gesi, na pedi inateleza juu ya diski badala ya kuikamata. DOT 4 mpya hairuhusiwi kuchemka chini ya nyuzi 230, na yangu ilikuwa na wiki mbili tu. Fundi aliyakagua baada ya tukio, akatoa kidogo kila gurudumu, hapakuwa na povu wala rangi iliyobadilika. Pedi alipozitoa zilikuwa zinang'aa usoni kama kioo, zina nyufa kutoka ukingo hadi ukingo, na diski zimepakwa mabaka meusi yasiyofutika.

Nukta za rangi nazo zinaeleza. Ya kijani na ya machungwa zilibadilika, nyekundu haikubadilika. Maana yake diski zilipita nyuzi 560 na hazikufika 610. Kwa gari la uzito huu likikimbizwa kwenye mteremko, joto hilo ni la kawaida, na pedi inayouzwa kwa kazi hiyo inapaswa kulistahimili. Na mkisema niliendesha kwa kasi, ni kweli. Ndivyo nilivyowaambia nitafanya, kabla sijatoa hata shilingi moja.

Hilo la mwisho lina uzito wa sheria. Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kifungu cha 16, inasema mnunuzi akimweleza muuzaji kazi anayotaka kitu hicho kifanye, kwa namna inayoonyesha anategemea ujuzi wa muuzaji, na muuzaji ndiye mwenye biashara ya bidhaa hiyo, basi kuna sharti kwamba kitu hicho kiifae kazi hiyo. Najua kifungu hicho hicho kinampunguzia muuzaji mzigo pale mtu anapoagiza kitu kwa jina lake la biashara. Mimi sikuagiza kwa jina. Nilieleza kazi, nikauliza joto, mkanichagulia ninyi. Na Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya kupata taarifa anazohitaji ili anufaike kikamilifu na bidhaa, haki ya kulindwa usalama wake, na haki ya kufidiwa akipata hasara kutokana na kasoro. Pedi isiyo na maelezo ya joto lake popote, wala kwenye boksi wala kinywani mwa muuzaji, imeninyima haki ya kwanza, na kona ile karibu inyime mtu mwingine ya pili.

Ninachodai ni shilingi 46,500 za pedi zote nne za mbele na nne za nyuma, na shilingi 72,000 za diski, maana diski zilizoungua hivyo sizirudishi garini. Bampa sidai. Nilikwenda pale nikijua gari linaweza kuumia, na gharama hiyo ni yangu.

Kuliko pesa, nataka lile bango liondolewe juu ya rafu ile leo hii, na lisirudi mpaka mtengenezaji wa pedi hizo awape kwa maandishi kiwango cha chini na cha juu cha joto lake, nanyi mkibandike pale pale mteja akione. Mtu akiwauliza na hamjui, mwambieni hamjui. Angeniambia hivyo yule kijana ningetoka nikatafute kwingine, na leo msingekuwa na barua hii mkononi. Nataka pia muwapigie simu wote walionunua pedi za aina hiyo. Namba zao zitafuteni kwenye rekodi zenu, kama mlivyo na yangu. Kuna vijana wengi wenye magari kama langu wanaojiandaa kwa mazoezi yajayo, na wengine hawaendi hata kwenye barabara iliyofungwa. Watashuka na pedi hizo mteremko wa Mai Mahiu usiku, mbele yao lori na matatu, bila matairi ya kuwapokea.

Nawapa siku 14 tangu mtakapopokea barua hii. Zikipita bila jibu la maana nitafungua kesi katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako dai la kiasi hiki linasikilizwa, na fundi wangu yuko tayari kutoa ushahidi. Kabla ya hapo, mje mwone wenyewe. Diski, pedi saba na chupa ya mafuta yaliyotolewa viko kwa fundi, vimefungwa kwenye katoni, na nitafurahi mkimtuma yule mzee wa stoo.

Pedi ya nane, ya mbele kulia, nimeiweka ndani ya bahasha hii. Pitisheni ukucha ukingoni mwake, juu kidogo ya zile herufi FF, mwone kinachobaki kidoleni.

Wenu,
Mteja wa risiti ya tarehe 3 Juni.

Viambatisho: nakala ya risiti, picha sita za diski na pedi, maelezo ya fundi yaliyotiwa sahihi, pedi moja.