Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Mbunge Wetu: Sisi Si "Wengineo"

Mheshimiwa,

Pokea salamu kutoka Mau. Natumai u mzima, na ile shuka tuliyokuvika wakati wa kampeni bado inakukinga na baridi ya Nairobi.

Alhamisi iliyopita nililipa bodaboda shilingi 400 nikahudhurie kikao cha kukusanya maoni kuhusu kurekebisha Katiba. Karani akaniuliza kabila. Nikamwambia mimi ni Mwogiek. Akapitisha kidole kwenye orodha yake, juu hadi chini, kisha akaandika: "Wengineo." Nilifika saa tatu asubuhi. Saa kumi jioni nikapewa dakika mbili, na moja ikamezwa na kipaza sauti kibovu.

Wengineo! Sensa ya 2019 ilituhesabu kwa jina letu, watu 52,596. Mahakama ya Afrika kule Arusha ilitutambua mwaka 2017 kuwa jamii ya kiasili ya Msitu wa Mau, na mwaka 2022 ikaagiza Serikali itulipe fidia ya shilingi milioni 157.85. Majaji wa nchi za mbali wanatujua. Fomu ya nyumbani haitujui.

Kijana yule simlaumu, pengine fomu ilimfikia hivyo hivyo. Nadhani kiini ni kura. Tumetawanyika Nakuru, Narok, hadi Mlima Elgon, na kila eneo bunge sisi ni wachache. Nani atatusikiliza, ila zile wiki mbili za mwisho kabla ya uchaguzi?

Waliotunga Katiba ya 2010 waliliona hilo. Kifungu cha 100 kinaliagiza Bunge litunge sheria ya kuendeleza uwakilishi wa jamii zilizotengwa, na Jedwali la Tano likawapa wabunge miaka mitano. Mitano, Mheshimiwa! Iliisha 2015. Nawe ulipoketi chini ya mti wetu, asali ikikutiririka kidoleni, ulisema hiyo ni kazi ya mwezi wa kwanza. Mwezi wa kwanza wa mwaka gani?

Sasa mwataka kuongeza kurasa katika kitabu ambacho ukurasa wetu hamjaufungua. Siombi basari. Barabara tumeizoea ilivyo. Lete mswada wa Kifungu cha 100. Hata ukishindwa kura, tuone ulisimama ukausoma. Mswada tu, Mheshimiwa.

Na fomu zikichapishwa upya, Ogiek ni herufi tano.

Wako mtiifu,
Mpiga kura wa Mau
(Kabila: Wengineo)