Mliniuzia Kusubiri, Gari Halikusubiri

Mwanjelwa,
Mbeya.

Kwa Meneja,
Ofisi ya tiketi, Mwanjelwa.

Ndugu Meneja,

YAH: GARI LA KUUNGANISHA KUTOKA STESHENI YA RELI, IYUNGA, KWENDA TUKUYU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Poleni na kazi. Nimepiga simu ofisini kwenu mara sita, na mara zote sita nimejibiwa "bosi katoka, mama". Nimeona niandike, maana karatasi haina haraka, itakungoja mezani mpaka urudi.

Jumamosi ya wiki iliyopita nilikuwa na tiketi tatu za kampuni yenu: yangu, ya mama yangu mzazi, na ya mtoto wa dada yangu mwenye miaka 6, ambaye mlimtoza nauli ya mtu mzima nami nikalipa bila ubishi. Kila tiketi shilingi 9,000. Costa ya kawaida ya Tukuyu ningeipata hapa hapa stendi ya Kabwe kwa bei ya chini sana kuliko hiyo. Niliuliza nyongeza yote ile ni ya nini, na dada wa dirishani akanieleza vizuri tu: gari letu haliendi stendi, linaingia mpaka stesheni, na linasubiri treni. Abiria wakishashuka linakaa nusu saa, ndipo linaondoka. Hata bango lenu pale uwanja wa stesheni limeandikwa kwa herufi nyekundu: GARI HUSUBIRI TRENI.

Mama yangu alikuwa anatoka Mlimba. Sijui kama umewahi kufika Mlimba, ndugu Meneja. Kule reli ndiyo barabara. Masika yakikolea, bonde la Kilombero linakuwa tope na maji, na treni kwa mtu wa Mlimba ni kama daladala kwa mtu wa Soweto ya hapa Mbeya: anaipanda kwenda hospitali, kupeleka mchele sokoni, kuwahi msiba. Marehemu baba yangu aliajiriwa kwenye genge la reli miaka michache baada ya reli hiyo kufunguliwa mwaka 1976, akatuzalia kule, akazikwa kule, na mama amegoma kuhama. Safari hii alikuja kwa sababu mdogo wangu anaolewa, na mahari ilikuwa inapokelewa Tukuyu kesho yake asubuhi. Kutoka Mlimba treni inaparamia milima mpaka Makambako, handaki baada ya handaki, halafu ndiyo inakuja huku. Mtu aliyeondoka kwenye joto la bondeni anashukia Mbeya, mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, mwezi wa saba. Mama ana miaka 72 na alikuwa na khanga mbili.

Nilifika stesheni saa saba na nusu. Gari lenu lilikuwepo. Nikaweka begi langu kwenye kiti cha nyuma ya dereva, nikamwonyesha konda tiketi zote tatu, nikamwambia mzee wangu ana magoti mabovu, naingia ndani kumpokea. Akanijibu, "Wewe nenda tu mama, tupo." Treni iliingia saa nane na dakika tano, saa ile ile mliyonitajia ninyi. Natilia mkazo hapo kwa sababu kijana wenu wa simu ameshaanza kusema treni ilichelewa. Haikuchelewa. Nikamteremsha mama, tukashusha kiroba cha mchele na tenga la kuku, tukatoka taratibu kwa mwendo wa magoti yake. Uwanjani nikakuta alama za matairi.

Mama lishe anayeuza chai pale getini ndiye aliyenipa habari. Kumbe kabla treni haijasimama, konda wenu alishakwenda barabara kuu kupiga debe. Akapata abiria wa Kyela waliokuwa wanangoja gari pale njiani, akawajaza, gari likang'oa. Wenye tiketi zenu tulioachwa pale tulikuwa kumi na mmoja. Nilituhesabu.

Nikapiga ile namba ya kwenye tiketi. Kijana akasema gari lilijaa, lisingeweza kukaa. Nikamwambia viti vitatu kati ya hivyo vilivyojaa ni vyangu, nimevilipia tangu Alhamisi. Akasema, "Mama, treni si yetu." Halafu akaniliwaza kwamba kuna gari lingine, liko Mafiati, linakuja. Saa tisa lilikuwa Mafiati. Saa kumi na nusu Mafiati. Saa kumi na moja na robo bado liko Mafiati. Mafiati na Iyunga si Mbeya na Chunya, ndugu Meneja. Kama ningekuwa peke yangu ningelifuata kwa miguu.

Hilo neno "treni si yetu" ndilo lililoniandikisha barua hii kuliko hata baridi aliyopigwa mama. Nataka nilijibu kwa kirefu kidogo, maana naamini hata wewe hujalifikiria.

Niliwahi kukaa Dar es Salaam miaka minne, nikishona Kariakoo na kulala Ubungo. Ilikuwa enzi zile treni ya mjini imeanza, Oktoba 2012, ile watu waliyoiita treni ya Mwakyembe kwa jina la waziri wa uchukuzi wa wakati huo. Mwakyembe ni mtu wetu wa Kyela, basi sisi tuliotoka huku tulikuwa tunaringa nayo utadhani tulitandika mataruma wenyewe. Njia zilikuwa mbili. Moja ya reli ya kati, kutoka stesheni ya mjini hadi Ubungo Maziwa, na nyingine ya TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, hii hii ya Mlimba na Mbeya, hadi Mwakanga. Reli hizo mbili hazilingani hata upana: ya kati ni milimita 1,000, ya TAZARA ni 1,067. Behewa la huku haliwezi kuhamia kule. Anayeunganisha ni binadamu, kwa miguu yake au kwa daladala.

Na makonda wa Ubungo walilijua hilo bila semina. Jioni utamkuta konda kasimama mlangoni, katega sikio, honi ikisikika anampigia dereva bodi: "Tulia, inaingia!" Hakuna aliyesema treni ni yake. Alichokuwa anajua ni kwamba treni ikisimama watu mia kadhaa wanashuka kwa mkupuo, na baada ya robo saa pale panabaki kimya. Stesheni si stendi. Kabwe gari linajaza muda wowote, asubuhi mpaka usiku, na ukiondoka bila mimi nitapanda linalofuata. Stesheni yetu ya Iyunga iko kilomita kama nne nje ya katikati ya mji. Treni ikishapita na bajaji zikishatawanyika, anayebaki pale amebaki kweli. Na wengi wanaoshuka pale si watu wa Mbeya mjini. Kuna wa Rungwe, wa Kyela, wa Chunya, wa Mbalizi. Kwao stesheni ni nusu ya safari, na ninyi ndio mliojitokeza mkasema nusu iliyobaki tuachieni sisi.

Kwa hiyo si kweli kwamba mliniuzia kiti. Kiti kipo Kabwe, tena cha bei poa. Mliniuzia kusubiri. Ile nyongeza yote niliyolipa ilikuwa ni bei ya dereva kuzima injini na kukaa chini ya mti nusu saa akila mahindi. Bidhaa hiyo sikupewa.

Nirudi kwenye siku yenyewe. Saa kumi na mbili jioni tulikata tamaa. Mama alikuwa amekaa juu ya kiroba chake, kajifunika koti langu, mtoto kalala mapajani mwake. Yule mama lishe alikuwa ametupa chai mara ya pili na kukataa hela. Ndaga fijo, yaani asante sana kwa Kinyakyusa, kwake, popote alipo. Nikachukua bajaji mbili mpaka Uyole, moja ya watu na moja ya mizigo, 10,000 kila moja kwa kuwa giza lilikuwa linaingia na madereva waliona shida yetu. Uyole tukapata costa ya mwisho mwisho, ikakaa ikijaza, tukafika Tukuyu saa nne kasoro usiku. Mama aliamka na homa ya kifua, akaipokea mahari ya binti yake akiwa kwenye blanketi, ameketi nyuma ya wenzake ilhali yeye ndiye aliyetakiwa kukaa mbele.

Begi langu, kwa taarifa yako, lilifika Tukuyu saa kumi jioni. Nililikuta asubuhi kwenye kibanda cha vocha pale stendi, limefungwa vizuri, kitenge cha sherehe kimo na hakuna kilichopungua. Nawashukuru kwa hilo, na simaanishi kejeli. Lakini begi ni ushahidi pia. Lilisafiri kwa kiti nilicholipia mimi.

Madai yangu ni haya. Mnirudishie 27,000 za tiketi tatu, na 20,000 za bajaji, jumla 47,000. Nauli ya costa kutoka Uyole siidai, kwa kuwa kwenda Tukuyu ningelipa hata hivyo. Homa ya mama pia siidai, sijui inauzwaje. Wale abiria wengine wanane siwezi kuwasemea, ila orodha ya majina mnayo kwenye daftari la dirishani, mnaweza kuwatafuta kabla wao hawajawatafuta ninyi.

Kuhusu gari, naomba konda azuiwe kupiga debe barabarani mpaka mwenye tiketi ya mwisho kutoka kwenye treni awe amekaa. Ana orodha, aite majina. Ikiwa biashara haiwalipi kusubiri, semeni hivyo, pandisheni nauli au acheni. Nitaelewa, na mimi ni mfanyabiashara. Lakini mkiamua kuacha, fuateni ngazi mfute yale maandishi mekundu, kwa sababu kuna mtu sasa hivi yuko Mlimba au Makambako anapanga safari ya mgonjwa wake kwa kuyategemea.

Nawapa siku 14. Baada ya hapo nitaipeleka nakala ya barua hii LATRA, mamlaka inayodhibiti usafiri wa ardhini, pamoja na tiketi. Nakala za tiketi nimeziambatanisha hapa. Zenyewe ninazo mimi.

Pesa mnaweza kutuma kwenye simu. Namba yangu mnayo, ndiyo ile mliyoitumia ujumbe wa "Asante kwa kusafiri nasi, tunakutakia safari njema" saa nane na robo, nikiwa nimesimama uwanjani nimeshika tenga la kuku.

Wako mteja,
Fundi cherehani, Mwanjelwa.