Kabla hujatupa diodoranti yako

Mhariri, naomba nafasi kidogo niongelee hili la makwapa, maana naona watu wengi siku hizi wanahamia vitu vya asili bila kuelewa vinafanyaje kazi. Jasho lenyewe halinuki jamani, linanuka bakteria wa kwenye ngozi wakishalivunjavunja. Diodoranti ya kawaida inapambana na harufu tu, ile ya kuzuia jasho ndo ina chumvi za alumini zinazoziba vitundu vya jasho kwa muda.

Mi nilianza na beking soda, nikachanganya na mafuta ya nazi, wiki ya kwanza safi kabisa, wiki ya pili kwapa linawaka moto hata kushusha mkono shida, ngozi ikaanza kubanduka. Kumbe ngozi ina asidi kidogo, pH (kipimo cha asidi, chini ya 7 ni asidi) kama 5 hivi, na ile soda iko juu ya 8, ukipaka kila siku unaivuruga. Sasa natumia jiwe la shabu, nalilowesha nikitoka kuoga napitisha mara mbili tatu basi. Ila tusidanganyane, shabu nayo ina alumini, hata kama ni ya asili!

Na hii habari inayosambazwa kwamba alumini ya kuzuia jasho inaleta kansa ya matiti, utafiti haujathibitisha uhusiano huo, naumia sana nikiona watu wanatishwa nayo ili wauziwe kitu. Badilisha kama ngozi yako inakataa, mara nyingi manukato ndo yanayowasha, na kitu kipya kijaribu kwanza kidogo kwenye mkono kwa ndani usubiri siku mbili.

Msomaji wenu wa kila siku