Tarehe Uliyozaliwa Wewe

Binti yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baada ya salamu, sisi huku Unguja ni wazima, na mama yako ameniagiza nikuarifu kwamba haluwa yako imeshapata msafiri wa kuileta. Nimeipokea ile orodha uliyonitumia ya mambo ya muziki yaliyotokea tarehe 3 Februari, pamoja na malalamiko yako kwamba siku uliyozaliwa imejaa misiba ya watu. Nimeona nikujibu kwa barua, kwa kuwa niliyo nayo hayaenei katika ujumbe wa simu.

Nianze na msiba ulioandikwa kwa herufi kubwa. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Februari 1959, baada ya onyesho katika ukumbi wa Surf Ballroom mjini Clear Lake, jimbo la Iowa, Marekani, ndege ndogo ilianguka shambani kwenye theluji na kuwaua wanamuziki Buddy Holly mwenye miaka 22, J. P. Richardson mwenye miaka 28, Ritchie Valens aliyekuwa na miaka 17 tu, na rubani wao, Roger Peterson, ambaye naye alikuwa kijana wa miaka 21. Watu wengi huisimulia ajali hiyo kama kudra tupu, ilhali safari yenyewe ilisababishwa na baridi: basi la wanamuziki lilikuwa bovu, kipasha joto chake hakifanyi kazi, na mpiga ngoma wa Holly alikuwa amekwisha kulazwa hospitali kwa vidole vya miguu vilivyoganda. Holly akakodi ndege. Waylon Jennings, mpiga besi wa Holly, akamwachia nafasi yake Richardson, aliyekuwa na mafua makali, naye Valens akaipata ya kwake kwa kurusha sarafu na Tommy Allsup, mpiga gitaa wa Holly. Mwaka 1971 Don McLean alitoa wimbo ulioiita siku hiyo siku muziki ulipokufa, na jina likaganda hadi leo. Nawahurumia sana vijana wale, ila jina hilo silikubali. Muziki wa nani ulikufa?

Nauliza hivyo kwa sababu jina nililolitafuta mimi kwanza nimelikuta chini kabisa, katika mstari mmoja, tena limeandikwa “mwimbaji wa Misri” basi. Umm Kulthum alifariki Cairo tarehe 3 Februari 1975. Alikuwa binti wa imamu wa kijiji kimoja katika delta ya Mto Nile, na baba yake alimvika nguo za kiume ili aweze kuimba mbele za watu bila kuzusha maneno. Kwa miaka mingi, Alhamisi ya kwanza ya mwezi katika msimu wake, onyesho lake lilirushwa moja kwa moja redioni, na wimbo mmoja uliweza kuchukua saa nzima na kuipita, kwa kuwa aliurudia mstari uleule tena na tena, kila mara akiupa sura nyingine kadiri wasikilizaji walivyomwitikia. Baada ya Misri kushindwa vitani mwaka 1967 alikwenda kuimba hadi Paris, na fedha akaipa nchi yake. Siku ya mazishi umati ulilitwaa jeneza kutoka kwa wachukuzi, ukalipitisha mitaani hadi msikiti wa Husein.

Nilikuwa na miaka 12. Babu yako, ambaye kama ujuavyo alikuwa fundi cherehani mchana na mpiga fidla usiku, alipewa mikono ya pole barazani kana kwamba amefiwa na dada yake, na bibi yako akanuna kwa sababu wageni walimaliza kahawa yote ya nyumba. Usiwashangae. Wazee husimulia kwamba Sultani Seyyid Barghash alimpeleka Mohamed bin Ibrahim Misri akajifunze ganuni, ile ala ya nyuzi nyingi, na tangu kikundi cha Ikhwani Safaa kianzishwe mwaka 1905 taarabu yetu haijaacha kuitazama Cairo. Vikundi vyetu vilipokuwa vikubwa, vikapanga safu ya fidla pamoja na udi, ganuni, nai, kodiani na dumbaki, vilifuata mfano wa okestra za kule, ile iliyokaa nyuma ya mama huyu ikiwemo. Kwa hiyo aliyeipanga orodha yako aliyapima mambo kwa masikio yake, nami nayapima kwa yangu.

Sasa, katika misiba hiyo yote umempita mtu aliyezaliwa siku yako, na hilo kwa mpiga fidla ni kosa. Mtunzi Felix Mendelssohn alizaliwa Hamburg tarehe 3 Februari 1809. Muziki unaowatoa maarusi kanisani ni wake, wa mwaka 1842, aliouandikia tamthilia ya Shakespeare. Utungo wake wa fidla na okestra, ambao umeniambia unakutesa vidole, ulipigwa hadharani kwa mara ya kwanza Leipzig mwaka 1845, na humo fidla haisubiri: okestra inaanza, na kabla hujakaa vizuri kitini mpigaji ameshaingia. Kwa Umm Kulthum ni kinyume chake, kwani okestra ilipiga dakika nyingi naye amekaa kitini na leso yake mkononi, na watu walimngoja kwa raha. (Johnny “Guitar” Watson, wa Houston, naye ni wa tarehe yako, mwaka 1935, gitaa lake utalisikiliza mwenyewe.)

Mwalimu wako amekufundisha kuzifunga nyuzi kwa sauti za sol, re, la, mi, na Mendelssohn hapigiki vingine. Wapigaji wa Kiarabu huishusha la ikawa sol, na mi ikawa re, ndipo maqam, yaani mipangilio ya sauti ya muziki wa Kiarabu, kama rast na bayati, zikalala vizuri chini ya vidole, pamoja na zile sauti zinazokaa kati ya vitufe viwili vya piano. Fidla ya babu yako imekatika nyuzi hizohizo mbili za juu, na hapa mjini sijazipata. Ukija likizo niletee seti moja, nawe uje na fidla yako, tuishushe pamoja.

Wako,
Baba