Taarifa ya Mwenyekiti wa Chama cha Watafiti, Mtwara na Lindi, kwa Mwaka 2024

Ndugu wanachama, itifaki imezingatiwa.

Kamati ilikutana mara nne. Mafunzo ya Linux (mfumo endeshi wa kompyuta) yalifanyika mara mbili Mtwara na mara moja Lindi, na ziara ya kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele iliahirishwa. Hayo mnayajua.

Nije kwenye seva, yaani kompyuta yenye nguvu ya kuchakatia data zetu, maana nimesemwa sana, hata leo hapo nje kabla ya kikao. Mkutano uliopita ulipendekeza tununue mashine yetu wenyewe. Kamati ilikataa, na aliyesimamia kukataa huko ni mimi. Sijutii. Mashine ya kadi moja ya grafiki (kifaa kinachoharakisha hesabu nzito) yenye kumbukumbu ya GB 16 ingemaliza akiba yote, kisha ingedai kiyoyozi usiku na mchana, UPS (betri ya kushikilia umeme ukikatika) na mtu wa kuitunza, katika mji ambao chumvi ya bahari hula hata bati. Kadi ya ukubwa huohuo, T4, hupatikana bure Google Colab, huduma ya kutumia kompyuta za Google kupitia mtandao, na Kaggle, tovuti nyingine ya aina hiyo, hutoa takriban saa 30 za kadi kwa wiki ukishathibitisha namba ya simu. Ni kweli cha bure kina masharti: Colab haizidi muda wa saa 12 mfululizo, hukata ukiiacha kimya, na mafaili yaliyo kwenye /content, folda yake ya muda, hufutika. Kwa hiyo hifadhi modeli (programu unayoifundisha kwa data) kwenye Google Drive, hifadhi ya mtandaoni, kila baada ya muda, ukikumbuka kwamba GB 15 za bure zinahesabu na barua pepe zako. Aliyepoteza kazi ya usiku kucha hakupotezewa na kamati.

Kwa kazi nzito ipo ACCESS ya Marekani, mpango wa kuwagawia watafiti muda wa kompyuta kubwa, uliorithi mpango wa XSEDE mwaka 2022. Kiongozi wa mradi lazima awe kwenye taasisi ya huko. Sisi huongezwa naye kama washirika. Ndiyo maana sikuandika ombi kwa jina la chama, na naomba nisiulizwe tena. Ngazi ya maombi iitwayo Explore hutoa hadi krediti 400,000 kwa maelezo mafupi tu, ila krediti hizo hazifanyi kitu mpaka kiongozi azibadilishe kuwa muda wa mashine mahususi. Wengi hukwama hapo wakidhani wamenyimwa.

Rasimu tano za maelezo ya maombi hayo zilipita mikononi mwangu, tatu nikazirudisha. "Tunahitaji kompyuta yenye nguvu" si ombi. Endesha kwanza kipande kidogo cha data, pima muda na RAM (kumbukumbu ya kompyuta), kisha zidisha: kori (vichakataji) 24 kwa saa 10 kwa majaribio 50 ni saa-kori 12,000. Hakikisha programu yako inazitumia kori zote. Ikitumia moja, 23 zinalala na bado unakatwa krediti za zote. Usiendeshe kazi kwenye nodi ya kuingilia, yaani kompyuta ya mlangoni inayotumiwa na wote, itume kwa amri ya sbatch. Muda ulioomba ukiisha, Slurm, programu inayopanga foleni ya kazi, huua kazi hata ikiwa imebaki dakika moja. Data ipelekeni kwa amri ya kunakili mafaili, rsync --partial, ili mtandao ukikatika uendelee ulipoishia; Mei mwaka huu, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu baharini, tuliona wenyewe hali ilivyokuwa. Na pasiwedi haiazimwi. Akaunti ikifungwa, anayeumia ni mwenyeji, yaani kiongozi wa huko aliyetuingiza.

Sasa ada. Wanachama ni 46, waliolipa 30,000 ni 17, jumla 510,000. Bando, ukumbi na chai vimekula 430,000, zimebaki 80,000. Mafunzo ya Lindi yaliandaliwa chai ya watu 25, wakaja watano, mmoja wao akiwa dereva aliyetuleta. Nimepitia daftari la ada pia, na baadhi ya wenye sauti kubwa kuhusu seva sikuwaona humo. Majina sitayataja leo.

Mwakani tunatarajia, Mungu akijalia, kupata mwenyeji wa pili wa kushirikiana naye, na pengine mafunzo Masasi, fedha zikiruhusu.

Naomba kuwasilisha.