Semeni ni zebaki ipi, ni kiasi gani, na imo katika chanjo ipi

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu kwa miaka mingi bila kuwaandikia hata mara moja, na ningeendelea kunyamaza kama si ile taarifa yenu kuhusu Marekani kuachana na zebaki katika chanjo za mafua. Mliyoyaandika juu ya kura ya Juni 2025 ya kamati inayoishauri serikali hiyo kuhusu chanjo na kuidhinishwa kwake na waziri wa afya mwezi uliofuata yalikuwa sahihi. Kichwa cha habari, hata hivyo, kilimwachia msomaji imani kwamba chanjo zote zina sumu na kwamba hatimaye serikali moja imekiri. Hamkutaja kemikali yenyewe, hamkutaja kiasi chake, wala hamkusema kwamba sehemu kubwa ya chanjo za mafua zinazotumika nchini humo tayari hazikuwa nayo.

Kilichopigiwa kura ni thiomasali, kihifadhi ambacho karibu nusu ya uzito wake ni zebaki, na ambacho kimekuwa kikitiwa katika chanjo tangu miaka ya 1930. Kazi yake ni kuzuia vijidudu visizaliane katika chupa ya dozi nyingi, ambayo hudungwa sindano tena na tena hadi iishe. Mwaka 1928, katika mji wa Bundaberg nchini Australia, watoto 12 walikufa baada ya kuchanjwa dhidi ya dondakoo kwa dawa iliyotoka katika chupa ya namna hiyo, isiyo na kihifadhi, ambayo ilikuwa imeingiwa na bakteria. Kanuni za Marekani za tangu 1968 zinazodai kihifadhi katika chupa za dozi nyingi zinalenga kuzuia vifo vya aina hiyo, na taarifa yenu haikuligusa jambo hili hata kwa sentensi moja.

Zebaki nayo si ya namna moja. Thiomasali ikiingia mwilini huvunjika na kutoa ethilizebaki, ambayo nusu yake huwa imeshaondoka katika damu ndani ya wiki moja hivi. Methilizebaki, ile iliyowaua na kuwalemaza watu wa Minamata nchini Japani kwa kula samaki wa ghuba iliyochafuliwa na kiwanda, huchukua takriban mwezi mmoja na nusu kupungua kwa kiasi hichohicho, na kwa hiyo hujikusanya kwa mtu anayeila kila siku. Marekani ilipopiga hesabu kwa kufuata sheria ya 1997 iliyotaka zebaki iliyomo katika vyakula na dawa iorodheshwe, ilionekana kwamba baadhi ya watoto wangeweza kupata hadi maikrogramu 187.5 za zebaki katika miezi sita ya kwanza, na kwa kuwa hapakuwa na kiwango kilichowekwa kwa ajili ya ethilizebaki, kiasi hicho kilipimwa kwa viwango vya methilizebaki. Julai 1999 wataalamu wa serikali na chama cha madaktari wa watoto wakatangaza kwamba kihifadhi hicho kiondolewe kwa tahadhari, huku wakisema hakuna ushahidi kwamba kimemdhuru mtoto. Sina ugomvi na tahadhari. Ugomvi wangu ni na serikali inayoondoa kitu kwa haraka na kuwaachia wazazi wakisie sababu, kwa maana baada ya tangazo lile baadhi ya hospitali zilisitisha chanjo ya homa ya ini aina ya B kwa watoto wachanga, wakiwamo waliozaliwa na mama wenye maambukizi, yaani wale waliokuwa wakiihitaji kuliko wote. Kufikia 2001 thiomasali ilikuwa imetoka katika chanjo za kawaida za watoto wadogo nchini humo, isipokuwa baadhi ya zile za mafua, na bado idadi ya watoto wanaotambuliwa kuwa na usonji, tatizo la ukuaji wa ubongo ambalo wapo waliodai linaletwa na kihifadhi hicho, iliendelea kupanda. Denmark iliacha kuitumia mwaka 1992 na ikaona hali hiyohiyo.

Siku chache baada ya taarifa yenu nilimsindikiza mkwe wangu kliniki kumpeleka mjukuu wangu kwa chanjo ya surua. Alikuwa amelisoma gazeti, na alimuuliza muuguzi kwa adabu kama dawa ile ina zebaki. Alijibiwa kwamba kama hataki mtoto achanjwe aseme, apishe foleni. Binti wa watu alisimama, akamfunga mtoto mgongoni, akaelekea mlangoni, nami ndiye niliyemfuata na kumsihi arudi. Chanjo ya surua ina virusi hai vilivyodhoofishwa, haijawahi kuwa na thiomasali, na ndiyo maana chupa yake ikishachanganywa hutupwa baada ya saa sita. Jibu lilikuwa neno moja tu, hapana, na muuguzi yule hakuwa nalo, kwa sababu hakuna aliyewahi kumpa, na gazeti lenu, ambalo lilikuwa na ukurasa mzima, halikumpa pia.

Kuna na vikaratasi vya maelezo ambavyo watengenezaji huviweka ndani ya maboksi ya chanjo. Vimekunjwa mara nyingi, herufi zake zinahitaji kioo cha kukuzia, lugha yake ni ya maabara, na hubaki stoo pamoja na boksi. Mzazi ninayemfahamu mimi hajawahi kukabidhiwa hata kimoja.

Mkataba wa Minamata wa 2013, unaodhibiti zebaki duniani, uliziacha chanjo zenye thiomasali nje ya orodha ya bidhaa zinazopigwa marufuku, kwa sababu kila dozi ikiwekwa katika chupa yake gharama hupanda na majokofu hujaa, na wa kwanza kukosa chanjo ni mtoto wa nchi isiyo na majokofu ya kutosha. Serikali inayotaka kubadili hilo ina wajibu wa kusema majokofu hayo yatatoka wapi.

Naomba mchapishe jedwali katika ukurasa uleule na kwa herufi za ukubwa uleule wa kichwa kile, likionyesha kila chanjo ya mtoto, kama ina thiomasali au haina, na maikrogramu ngapi za zebaki kwa dozi. Kwa chanjo za chupa za dozi nyingi zenye kihifadhi hicho mara nyingi huwa hazizidi 25. Nazo wizara za afya zipige chapa jedwali hilohilo kwa lugha wanayoisoma wazazi, zilibandike ukutani juu ya mizani ya kupimia watoto, ambapo kila mama husimama akisubiri, na muuguzi atakayeulizwa alisome kwa sauti.

Msomaji wenu,
Bibi wa mtoto aliyechanjwa