Zero ilikosa injini, si huruma kwa rubani

Mhariri,

Makala yenu kuhusu ndege ya kivita ya Mitsubishi A6M, maarufu kama Zero, inadai kuwa haikuwekewa bamba la chuma la kumkinga rubani kwa sababu Wajapani hawakuthamini uhai wa marubani wao. Dai hilo linamwonea mbunifu wake, Jiro Horikoshi, na linaficha sababu yenyewe.

Mwaka 1937 jeshi la majini la Japani lilidai ndege ya kwenda kilomita 500 kwa saa, ipande mita 3,000 kwa dakika tatu na nusu, ikae angani saa sita au zaidi ikiwa na tangi la ziada, ibebe mizinga miwili ya milimita 20, na iweze kuruka kwenye sitaha fupi ya meli. Kampuni shindani ya Nakajima iliyapima masharti hayo ikajitoa. Horikoshi alianza na injini ya Zuisei, nguvu farasi 780 tu. Kinsei, yenye nguvu zaidi, ilikuwepo, lakini ingezaa ndege kubwa na nzito, na marubani wa wakati ule walipenda ndege nyepesi. Uamuzi huo ndio uliofunga mambo mengine yote. Hata Sakae iliyofuata haikufika nguvu farasi 1,000.

Kwa hiyo uzito ulipunguzwa kila mahali. Boriti ya bawa ilitengenezwa kwa aloi mpya ya alumini kutoka kampuni ya Sumitomo, na vyuma vya ndani vikatobolewa matundu. Bawa na sehemu ya mbele ya kiwiliwili viliundwa kama kitu kimoja, hivyo uzito wa maungio ukaondoka. Gharama yake aliibeba fundi: bawa likiharibika, hakuweza kulifungua na kufunga jingine.

Kazi ninayoiheshimu kuliko zote ni ya nyaya za usukani. Kwa kawaida, rubani akivuta usukani kiasi kilekile, ndege huitikia kidogo ikiwa polepole na kwa ukali mno ikiwa na kasi. Horikoshi alipunguza ugumu wa nyaya zinazokwenda kwenye kibawa cha mkiani, ili zivutike kidogo upepo wa mwendo unapokuwa mkali. Kibawa kikawa kinageuka kwa pembe ndogo kasi inapopanda, na rubani akahisi mwitikio uleule. Hakikuongezwa kifaa chochote.

Wepesi huo ulikuwa na mpaka. Aprili 1941 Luteni Manbei Shimokawa alikufa katika jaribio la kupiga mbizi, yaani kushuka kwa kasi pua ikielekea chini, baada ya ndege nyingine ya aina hiyo kupata mtetemo mkali na bati la bawa kujikunja. Ilibidi kasi ya kupiga mbizi iwekewe kikomo na bati liongezwe unene.

Tazameni pia Zero iliyoboreshwa, A6M3 ya 1942. Ilipewa Sakae yenye nguvu farasi 1,130, lakini injini hiyo ilikuwa ndefu zaidi, ikabidi tangi la mafuta la kiwiliwilini lipunguzwe. Matokeo yake, toleo la kwanza la A6M3 halikuweza kutoka kambi ya Rabaul hadi kisiwa cha Guadalcanal katika Pasifiki, zaidi ya kilomita 1,000, likapigana na kurudi. Kama nyongeza ndogo ya nguvu ilidai gharama hiyo, bamba la chuma lingebebwa na nini?

Liliwekwa hatimaye, kwenye A6M5c ya mwaka 1944, pamoja na bunduki nzito zaidi. Injini ikabaki Sakae, na ndege ikazorota huku ikikabiliana na Hellcat ya Marekani yenye nguvu farasi 2,000. Wa kulaumiwa hapa ni wale waliochelewa kuibadili injini. Kinsei ilifungwa kwenye A6M8 mwaka 1945, zikatengenezwa ndege mbili tu za majaribio kabla vita havijaisha.

Naomba msahihishe makala hiyo.

Fundi wa ndege